Kwa Nini Baba wa Bibi Harusi Huanza kwa Kuchekesha

Zamani sana, kabla babu za babu zetu hawajazaliwa, baba hakusema neno siku ya kumwoza binti yake. Wageni walikula na kucheza ngoma uani, naye alikaa ndani amewapa mgongo mpaka msafara uondoke. Watu waliamini kwamba sauti ya baba siku hiyo ingeleta mkosi.

Katika kijiji kimoja cha milimani aliishi mfua vyuma aitwaye Kalaghe. Mkewe alifariki mapema akamwachia mabinti wawili, Namkunda na Nakijwa. Namkunda alipoolewa, Kalaghe alifuata desturi. Alikaa ndani kimya, akasikia vigelegele vikififia bondeni.

Huko alikokwenda, Namkunda hakupata raha. Mumewe alikuwa akimpiga. Majirani walipomsihi arudi kwao, alijibu, "Nirudi kwa nani? Baba hata kuniaga hakuniaga." Akavumilia mpaka akaugua, akafa. Maneno hayo Kalaghe aliambiwa matangani, na hayakumtoka tena.

Ikafika zamu ya Nakijwa. Msafara ulipokuwa tayari, shangazi mtu alimnong'oneza, "Kaka, ingia ndani, mtoto anatoka."

Kalaghe hakuingia. Alisimama palepale katikati ya uwanja. Ngoma zikanyamaza, wazee wakaguna.

Alimtazama Nakijwa, akaona mabega yakitetemeka ndani ya ushungi. Alijua kwamba akianza na lililomjaa moyoni atalia, na binti ataondoka na kilio. Basi akaanzia kwingine.

"Huyu mnayemchukua," aliwaambia wakwe zake, "siku ya kwanza kunipikia uji alikuwa hajanifika hata kiunoni. Alitia majivu akidhani ni chumvi. Nikanywa. Akaniuliza, 'Baba, mtamu?' Nikasema mtamu. Akanijazia tena!"

Watu wakatazamana. Mtu mmoja akaguna kwa kicheko.

"Nikanywa na wa pili. Kutwa nzima wateja walinitafuta kiwandani, kumbe mimi niko vichakani."

Babu wa bwana harusi alicheka mpaka mkongojo ukamponyoka. Kicheko kikazunguka ua mzima, na ndani ya ushungi Nakijwa naye akacheka. Hapo Kalaghe akamgeukia binti yake.

"Nakijwa, mwanangu," alisema taratibu, "unakwenda kwa mumeo, hufukuzwi kwangu. Ukipata raha, njoo tufurahi pamoja. Ukionewa, usingoje kuugua. Njoo saa yoyote. Dada yako sikumwambia hivi."

Hakuna aliyecheka tena. Wale wazee walioguna waliinamisha macho, maana wengi wao walikuwa na mabinti mbali. Bwana harusi akapiga goti, akasema, "Nimesikia, baba." Nakijwa aliishika mikono ya baba yake, ile iliyokauka kwa moto, akaikumbatia kifuani kabla ya kushika njia.

Na tangu siku hiyo, baba wa bibi harusi hajifichi ndani. Husimama mbele ya wageni, akasimulia vituko vya binti yake alipokuwa mdogo, watu wakashika mbavu. Lakini mtazameni vizuri. Kicheko kikiisha, humgeukia mwanawe, na hapo ndipo husema lile alilosimama kulisema.