Gari Lisilonguruma

Jumapili hiyo daktari wa mifugo hakula akashiba. Mezani chakula kilikuwa tele, lakini macho yake yalikuwa dirishani, yakilitazama gari la shemeji yake lililoegeshwa uani. Lilikuwa gari kubwa la juu, la aina moja na lake, ila hili lilikuwa la mseto: injini ya petroli na mota ya umeme zikisaidiana kazi. Lilikuwa limeingia getini kimya kama paka, na tangu hapo udadisi ulikuwa umempanda kichwani.

"Shemeji, mimi kituo cha mafuta siku hizi nakipita tu, nawapungia mkono," alitamba shemeji, mwenye duka la vitambaa katikati ya mji. "Uza lako, ongeza kidogo, uchukue kama hili. Petroli utakayookoa italipa nyongeza yote."

Hicho "kidogo" ndicho kilichomkaa daktari kooni. Akiba pekee aliyokuwa nayo ilikuwa ya kujengea chumba cha upasuaji. Kwa miaka mingi alipasua wanyama uani, juu ya turubai, na msimu wa mvua uliopita mbuzi mwenye mimba alimfia mikononi kwa sababu maji yaliingia pasipotakiwa kuingia. Mwenye mbuzi hakumlaumu, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Aliapa siku ile kwamba hatapasua tena mnyama chini ya mawingu.

Mumewe, mwalimu wa hesabu, alifuta mdomo akachomoa kalamu. Bwana huyu na hesabu walikuwa chanda na pete.

"Ni rahisi," alisema. "Mdogo wangu anakwenda safari fupi za mjini na anaokoa nusu ya mafuta yake. Wewe unakwenda mara tatu ya mwendo wake, kwa hiyo utaokoa mara tatu. Chumba kitachelewa kidogo, kisha petroli yenyewe itakijenga."

"Petroli inajenga, Mwalimu?"

"Hesabu haidanganyi, mke wangu."

Daktari alitamani sana kuamini. Lakini kazi ilikuwa imemfundisha kutomdunga ng'ombe sindano kwa maelezo ya simu. Sharti amwone, ampapase tumbo, asikilize pumzi zake. Akamgeukia shemeji.

"Basi tubadilishane kwa wiki moja. Wewe uende dukani na langu, mimi niende mashambani na lako. Leo tuyajaze yote mawili pomoni, na wiki ikiisha tujaze tena tuone kila moja limekunywa nini."

Shemeji alicheka, akamrushia ufunguo. "Utanirudishia kwa machozi!"

Na kweli, asubuhi ya kwanza gari lilimteka moyo. Lilitoka getini kwa umeme, bila sauti, naye akacheka peke yake. Mbele ya usukani palikuwa na kioo kidogo kilichoonyesha kwa mshale kama nguvu inatoka kwenye betri au kwenye injini. Kila alipokanyaga breki, mshale uligeuka na betri ikajazwa. Akawa anakanyaga breki kuliko haja, ili mradi auone mshale ukigeuka. Dereva wa nyuma alimpigia honi mpaka akakoma.

Nje ya mji mambo yalibadilika. Barabara ilinyooka kama rula. Hapakuwa na foleni, wala taa, wala sababu ya kugusa breki. Injini ikaishika kazi na haikuiachia. Daktari alipunguza mwendo, akaongeza, akapanda vilima. Ni kwenye miteremko tu mshale ulipomkumbuka.

"Kumbe wewe ni mtoto wa mjini," aliliambia gari.

Shambani kulikuwa na kituko kingine. Wafugaji walizoea kusikia ekzosi ya gari lake ikinguruma tangu kilimani, na huo ndio uliokuwa mwito wao wa kuwaingiza ng'ombe zizini. Siku hiyo aliteremka kwa umeme, akamkuta mfugaji amejilaza kivulini na ng'ombe wametawanyika malishoni.

"Daktari! Umeshuka toka mbinguni?"

"Nimekuja na gari."

"Gari gani hilo halibishi hodi? Haya, shika fimbo, tukawatafute ng'ombe."

Wiki ilipokwisha, daktari na mumewe walitangulia kufika kituo cha mafuta. Mwalimu alisimama kando ya pampu na kalamu yake. Pampu ilihesabu, ikazidi kuhesabu. Akalinganisha na wiki za kawaida za mkewe. Nafuu ilikuwapo, lakini kiduchu. Aliandika, akafuta, akaandika tena.

"Kwa mwendo huu," alisema hatimaye, "nyongeza itarudi tukiwa tumeshastaafu."

"Na hesabu haidanganyi?"

"Haidanganyi. Ila nilichukua barabara ya mdogo wangu, nikaizidisha kwa tatu, nikadhani nimepata yako."

Mara shemeji akaingia na gari la daktari, jasho likimtoka. "Shemeji, gari lako lina minyoo! Nimejaza mara mbili na sijatoka mjini. Kwenye foleni limesimama tu, na bado linakunywa!"

Daktari alicheka hadi akashika mbavu. Kisha akampa ufunguo wake, na moyo ukamchoma, kwa maana ule ukimya alikuwa ameupenda kwelikweli. Lakini alipokumbuka kuwa akiba yake iko salama, alihisi kama mtu aliyevutwa shati ukingoni mwa shimo.

"Mwalimu," alisema, "kesho mwite fundi. Achimbe msingi wa chumba kabla mvua hazijaanza."

"Lakini shemeji," mwenye duka alilalamika, "mimi sikukudanganya!"

"Hukunidanganya, shemeji yangu. Ulinisimulia usingizi wako, nao ni mtamu kweli. Ila kitanda usichokilalia hujui kunguni wake."