Kipande cha Pili cha Kanga

Mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika. Watu wamezoea kuwatupia methali hii vijana wanaopendana, wale wanaojifanya hawajuani mbele za watu huku macho yao yakisema mengine. Lakini mama naye hupenda, na mwana naye hupenda, na vifua vyao ni vifua kama vya wengine. Mtu anaweza kuziba mdomo kwa kiganja na kujikaza mpaka machozi yakamlenga. Kikohozi kikishafika kooni hakiombi ruhusa. Hayo yalimfika Jokha wa Woolwich, London, Jumamosi moja ya mwezi wa Mei, kwenye mchezo ambao hata kanuni zake hakuzijua.

Jokha alikuwa mwanamke wa Kipemba wa miaka hamsini na mbili. Kazi yake ilikuwa kuwahudumia wazee katika nyumba ya kulelea wazee, na mwanawe alikuwa mmoja tu, Afra, msichana wa miaka ishirini aliyekuwa akisoma chuoni. Afra alizaliwa London. Kiswahili alikielewa chote, hata cha mafumbo, lakini akisemeshwa hujibu kwa Kiingereza, na jambo hilo lilimkera mama yake kama kokoto ndani ya kiatu. Huko chuoni alikuwa akicheza softiboli, mchezo wa kupiga mpira kwa gongo. Jokha alikwisha kuelezwa mchezo huo mara tatu, na mara zote tatu alitoka kapa.

"Mtu unaupiga mpira vizuri," alilalamika, "halafu wewe ndiye unayekimbia kama mwizi! Umekosa nini?"

Hata hivyo alitamani sana kumwona mwanawe akicheza. Tatizo ni kwamba alikatazwa. Mwaka juzi, siku Afra alipopewa cheti cha kumaliza sekondari, Jokha alipanda jukwaani bila kuitwa, akapiga vigelegele, akamtunza mwanawe kanga mabegani kama wanavyotunzwa watu kwao Wete. Kwake ile ilikuwa heshima. Kwa Afra ilikuwa fedheha, maana wenzake walimrekodi mama kwa simu zao, na video ikazunguka shule nzima.

"Mum, ukija kwenye mechi zangu," Afra alimwambia baadaye kwa Kiingereza chake cha haraka, "sitakueleza jambo langu lolote tena. Lolote."

Jokha alijua kwamba mwanawe hana utani. Baada ya video ile, mlango wa chumba cha Afra ulifungwa miezi miwili, na chakula alikuwa akikichukua jikoni kimya kimya kama mpangaji. Hata ulipofunguliwa, mazungumzo yalirudi polepole, neno moja moja. Kuyapoteza tena ingekuwa sawa na kumpoteza mtoto ndani ya nyumba ile ile anayolala.

Lakini karatasi ya ratiba iliyobandikwa kwenye friji ilisema kwamba ile ndiyo mechi ya mwisho ya mwaka. Jokha aliitazama karatasi, nayo kama inamtazama. Akapiga moyo konde.

"Nitakwenda, lakini hataniona," alijiambia. "Nitatazama, nitanyamaza, nitarudi."

Akatia kanga mkobani. Ilikuwa kipande kimoja tu, chekundu chenye michoro ya korosho nyeupe. Pacha wake alitoweka tangu Ramadhani, na mshitakiwa alikuwa Muhiddin, mdogo wake Jokha, dereva wa teksi, ambaye dada yake aliamini kabisa kwamba alikichukua kufutia gari.

"Na kanga ya nini, ikiwa unakwenda kunyamaza?" Muhiddin aliuliza alipokuja kumsindikiza.

"Ya baridi."

"Mei hii?"

"Wewe tangulia, mwizi wa kanga."

"Dada Jokha, nshaapa mpaka ulimi umechubuka. Kanga yako siijui!"

Gari la Muhiddin lilikuwa gereji, kwa hiyo walipanda treni mpaka Croydon, na huko mateso ya Jokha yakaanza rasmi. Muhiddin alitangulia kifua mbele kama kiongozi wa msafara. Alisema Croydon anaijua kuliko kiganja chake, kwani zamani alikwenda pale katika ofisi ya uhamiaji mara kumi na moja kwa ajili ya karatasi zake. Akampandisha dada yake tramu, ile treni ndogo ya barabarani, wakakaa, wakafungua chupa ya maji. Baada ya vituo sita Jokha aliona jina la Wimbledon limeandikwa mbele.

"Muhiddin. Uwanja si uko upande wa New Addington?"

"Ndiyo."

"Na hii inakwenda wapi?"

Muhiddin alisoma, akajikuna kidevu. "Hii inakwenda kwengine."

"Mara kumi na moja! Na mara zote ulipotea?"

"Ofisi iko karibu na stesheni, dada. Tramu sikuwahi kuipanda."

Jokha alifumba macho akamwomba Mungu subira, kisha akaomba nyongeza. Walishuka, wakavuka reli, wakasubiri, wakarudi walikotoka, na walipofika uwanjani mechi ilikuwa imekwisha kupita nusu. Upande wa kulia walikaa wapenzi wa timu ya Afra, wamevaa buluu. Upande wa kushoto walikaa wapinzani, wamevaa njano. Jokha alikata shauri haraka. Njia ya kujificha ni kukaa pale ambapo Afra hatamtafuta. Akamshika Muhiddin mkono, wakaenda kujibanza katikati ya watu wa njano, nyuma ya bwana mmoja mnene aliyefaa kuwa ukuta.

Mama mmoja wa Kihindi aliyevaa miwani na kofia ya njano aliwapokea kwa tabasamu na kumkabidhi Jokha kibendera cha njano. Jokha hakuwa na la kufanya. Akakaa, bendera ya adui mkononi, akiipepea kila wenzake walipopepea, na kila akiipepea aliona kama anajichoma sindano.

Basi angalau Muhiddin angenyamaza! Lakini Muhiddin alikuwa redio isiyo na kitufe cha kuzimia. "Ni kama kriketi tu," alieleza kwa Kiswahili, kwa sauti ya mtu anayejua. "Ukiupiga mbali, umeshinda. Basi. Na yule anayerusha mpira, mtazame! Anazungusha mkono kama anasukuma pampu ya kisima. Kwao hawakumfundisha kurusha?"

Mama mwenye miwani aligeuka taratibu. "Yule ni binti yangu, Nishma," alisema kwa Kiswahili safi cha Mombasa. "Na hivyo ndivyo softiboli inavyorushwa, kaka. Kwa chini."

Muhiddin aligeuka rangi. Jokha alitamani ardhi ipasuke immeze, ila kwanza immeze Muhiddin.

"Samahani sana, dada," alisema. "Huyu mdogo wangu ana mdomo, breki hana."

Yule mama alicheka mpaka kofia ikamkaa upande. Alisema anaitwa Poonam, anakaa Stanmore, alizaliwa Mombasa na kuletwa hapa akiwa na miaka kumi na miwili. "Na nyinyi mnamshangilia nani?"

Jokha alitazama kibendera chake. "Sisi... tunapunga upepo tu."

Poonam alimtazama kwa juu ya miwani, kisha akarudisha macho uwanjani.

Ndipo Afra akatokea na gongo lake, akasimama mahali pa kupigia. Timu yake ilikuwa nyuma kwa pointi moja, na ile ilikuwa zamu yao ya mwisho. Jokha alimwona mwanawe alivyo mdogo ndani ya kofia ile ngumu, na koo likaanza kumwasha. Nishma akarusha. Afra akapiga hewa. Watu wa njano wakapiga kelele, bendera zikapepea, na Jokha akapepea pia huku akiuma mdomo. Nishma akarusha tena. Hewa tena.

"Bado mmoja," Poonam alisema. "Akiukosa wa tatu, imekwisha."

Jokha aliziba mdomo kwa kiganja. Alijikaza kisabuni. Mpira wa tatu ukaja, Afra akazungusha gongo, na safari hii palisikika mlio kama wa mlango uliobamizwa. Mpira ulipaa juu, ukavuka watu, ukavuka uzio, ukaenda kuangukia kwenye miti.

"Mbali!" Muhiddin aliruka. "Kashinda! Dada, kashinda!"

Kilichofuata Jokha mwenyewe hakukiamua. Kigelegele kilimtoka, kirefu, kikali, cha harusi kumi. Kibendera kikaanguka, kanga ikatoka mkobani, na kabla bwana mnene hajageuka, mama wa miaka hamsini na mbili alikuwa amekwisha kuvuka mstari mweupe, anakimbia na kanga aliyoitandaza mikononi kwenda kumtunza mwanawe. Alipofika katikati ndipo alipogundua kwamba hakuna mwengine anayeshangilia. Wachezaji wote walisimama kama nguzo. Nyuma yake alimsikia Poonam akiita, "Dada, rudi! Mpira umetoka nje ya mstari! Hauhesabiwi!"

Refa, mwanamke mrefu mwenye kofia nyeusi, alisimamisha mchezo akaja kwa hatua ndefu. Simu zilikuwa zimekwisha kuinuliwa, upande wa buluu na upande wa njano. Jokha aliziona zote. Miezi miwili ya mlango uliofungwa ikampita mbele ya macho.

"Uko na nani?" refa aliuliza.

Jokha aligeuka kumtafuta Muhiddin. Muhiddin alikuwa anaangalia mawingu.

"Sina mtu," Jokha alijibu kwa Kiingereza chake cha kazini. "Simjui mtu yeyote hapa. Nimepotea njia tu."

Refa akamwonyesha mlango wa kutokea na kumwita kijana wa ulinzi. Jokha aliinamisha kichwa na kuanza kuikunja kanga. Alikuwa tayari kutoka kama kichaa asiyejulikana, ilimradi aibu ibaki kwake peke yake.

"Subirini."

Afra alikuwa amevua kofia. Uso wake ulikuwa umeiva kwa haya, na gongo limemning'inia mkononi. Alitembea mpaka pale walipo, simu zote zikimfuata.

"Huyu ni mama yangu," alisema.

Alisema kwa Kiswahili. Refa hakuelewa, ikabidi Afra arudie kwa Kiingereza, lakini Jokha hakuisikia mara ya pili. Macho yake yalikuwa yameganda kwenye gongo. Mahali pa kushikia palizungushiwa ukanda wa kitambaa, umevutwa na kukazwa kwa ufundi, umeanza kuchakaa kwa jasho. Ulikuwa mwekundu. Ulikuwa na korosho nyeupe. Jokha aliitazama kanga iliyokuwa mikononi mwake, akautazama ukanda, akaitazama tena kanga.

"Afra! Kumbe mwizi ni wewe?"

"Nikiishika siogopi," Afra alinong'ona, bado kwa Kiswahili, kile chake cha kuchechemea. "Sikutaka ujue. Mama, tafadhali, nenda ukakae."

Jokha alirudi kukaa. Refa alimtikisia kichwa kijana wa ulinzi, akamwacha apite. Mchezo ukaendelea, mpira wa tatu ukarudiwa, Nishma akazungusha mkono, mpira ukaja, na Afra akapiga hewa kwa mara ya mwisho. Mechi ikaisha. Watu wa njano walirukaruka, wa buluu wakaketi majanini. Poonam alimpungia bintiye kwa mbali, lakini hakupiga kelele. Alimwekea Jokha mkono begani na kuuacha hapo.

"Nimemwangusha," Jokha alisema.

"Na wewe tangu lini ukanyamaza, dada?" Muhiddin alianza. "Kwanza tuzungumze habari ya kanga. Tangu Ramadhani naitwa mwizi! Mbele ya majirani! Mpaka imamu ananiangalia kwa jicho la pembeni!"

"Muhiddin, wallahi, funga mdomo."

"Sifungi. Leo sifungi."

Walikuwa bado wanabishana Afra alipofika na begi lake begani. Macho yalikuwa mekundu. Alisimama mbele ya mama yake, akakiona kibendera cha njano kilichoanguka chini ya benchi, akakiokota, akakigeuza geuza.

"Umekaa na hawa mechi nzima? Ukipepea hiki?"

"Ili usinione."

Afra alitikisa kichwa kama mtu aliyeshindwa na hesabu. Jokha alijiandaa kwa maneno makali, kisha kwa mlango uliofungwa. Badala yake Afra alichukua kanga mikononi mwa mama yake, akaitazama kidogo, akaitupia mabegani mwake mwenyewe mbele ya simu zote zilizosalia.

"Wametuchukua video tena," alisema, akirudi kwenye Kiingereza chake, lakini polepole. "Mum, unaniudhi sana. Unajua?"

"Najua."

"Mwakani kaa upande wetu."

Muhiddin alitangulia kuelekea kituo cha tramu, akisema safari hii njia anaijua, na mama na mwana walimfuata wakimzomea, huku kanga na ukanda wake vikikutana begani mwa Afra, pale alipoliegemeza gongo lake. Mama alijificha kwenye bendera ya adui, mwana alijificha kwenye mpini wa gongo, na wote wawili walifichuliwa mchana kweupe. Ndiyo maana wahenga walikwisha kukata kauli zamani kwamba mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika.