Panya Walionyweshwa Utamu Mtupu

Ndugu msomaji, kisome kisa hiki bila haraka. Ukikimaliza, mpelekee yeyote unayemjua anayelea mtoto.

Namsifu alikuwa mfamasia katika kiwanda kidogo cha dawa. Binti yake, Aikande, alikuwa na kifafa. Vidonge vya kumtuliza vilikuwepo, navyo vilikuwa vimetumika miaka mingi bila kumdhuru mtu, lakini vilikuwa vichungu mno. Mtoto alivitema, na kila alipovitema kifafa kilimwangusha.

Basi Namsifu akatengeneza maji mazito, matamu, kwa kimiminika cha kiwandani, ya kuchanganyia dawa ile.

Desturi ya maabara yao ilikuwa kujaribu kwanza kwa panya. Kundi moja lilipewa dawa ndani ya utamu, la pili utamu mtupu, na la tatu maji ya kawaida. Mtunza wanyama, Bwana Mbaruku, alilitania kundi la pili akisema kwamba hao wamealikwa harusini, wenzao wako kazini.

Namsifu hakuona haja ya kusubiri matokeo ya waalikwa hao. Dawa inajulikana, alisema, na utamu ni utamu tu. Siku moja akatia chupa mkobani ampelekee binti yake. Mbaruku alimwona. Hakumzuia, ila alimwomba apite kwanza awatazame panya.

Panya waliopewa dawa walikuwa wamejikunyata, manyoya yamewasimama. Namsifu akaingiwa na hofu, akidhani dawa aliyoiamini imeharibika. Kisha akafungua kizimba cha wale wa utamu mtupu. Nao walikuwa vivyo hivyo. Wanywa maji peke yao ndio waliokuwa wakikimbizana.

Akampakata kiganjani mmoja wa wale wa utamu mtupu. Mnyama yule alikuwa mwepesi kama pamba, akipumua kwa taabu. Baadaye panya wa makundi yale mawili walipochunguzwa, figo zao zilikutwa zimeharibika. Uchungu haukuwa na hatia. Utamu ndio uliokuwa ukiua.

Namsifu aliirudisha chupa. Alipofika nyumbani akaponda kidonge kilekile kichungu, akakichanganya na ndizi mbivu, akampakata binti yake.

"Mama, uliniahidi ile tamu."

"Kuna mdogo aliyeinywa kabla yako, mwanangu. Ikamuumiza."

"Mtoto?"

"Panya."

Aikande akauliza, "Alikuwa na mama?"

 Namsifu akambana kifuani mpaka mtoto akalalamika kwamba anabanwa. Kisha Aikande akafungua mdomo mwenyewe, akameza, akakunja uso wote, wala hakutema.

Funzo: Usiikague dawa ukaacha kukikagua kinachoibeba, kwa maana madhara huweza kujificha ndani ya kile tunachokipenda. Na ukiokolewa kwa maumivu ya kiumbe mwingine, hata akiwa mdogo kuliko kiganja chako, usiyaone maumivu hayo kuwa si kitu.