Aliyemwingiza Mtoto Ndani ya Wigo

Hadithi hii aliisimulia kwanza Kandida Ndunguru, dada yake Egno, siku ya kuanua matanga ya Egno, Septemba 1971, huko Lipembe katika milima ya Umatengo. Alipoulizwa mwisho wake, alisema mwisho ni wa wasikilizaji.

Palikuwa na watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Longinus Kapinga, mjomba wa Gaudensia mke wa Egno, alikuwa katekista, mwalimu wa dini wa kigango, kanisa dogo la kijiji. Kipaji chake kilikuwa yakini: alizika wanawe wawili, na mara zote mbili alifanya ishara ya msalaba bila kusita. Otmari, mdogo wake Egno, alisomea dini chuo kikuu. Dini, si upadri. Kipaji chake kilikuwa kuuliza jambo lilianza kusemwa lini, na nani alilisema kwanza. Serapia alikuwa mkunga wa zahanati. Yeye hakuwahi kusema jambo ambalo hakuliona kwa macho yake.

Machi 1969 Gaudensia alijifungua mtoto wa kiume, miguu ikitangulia. Egno alisimama mlangoni tangu alfajiri akingoja kilio. Alichosikia ni maji yakimiminwa mara tatu, na sauti ya Serapia ikimtaja Baba, Mwana na Roho Mtakatifu: ubatizo wa dharura. Kisha Serapia akatoka amebeba khanga iliyokunjwa.

Makaburi ya Lipembe yalizungukwa na wigo wa miti ya misipresi. Waliobatizwa walizikwa ndani. Vichanga waliokufa bila ubatizo walizikwa nje, kwenye mteremko, ambako mvua za masika ziliwafukua. Gaudensia alisema mwanawe asipoingizwa ndani, yeye hatakula. Siku ya pili alikuwa bado hajala.

Padri alikuwa safarini, kwa hiyo neno lilikuwa la Wigbert Kinunda, mwenyekiti wa wazee wa kanisa. Aliketi barazani kwa Egno akasema ubatizo wa mkunga bila shahidi hautoshi, na wigo ni sheria ya wamisionari wa kwanza, haivunjwi.

Otmari akafungua daftari. Kwa ajili ya tasnifu yake alikuwa amenakili kwa mkono kitabu cha mazishi cha misheni.

"Mzee, wigo ulipandwa 1926. Kabla ya hapo vichanga kumi na mmoja wasio na majina ya ubatizo walizikwa pale pale katikati. Aliyeandika anasema misipresi ilipandwa kwa sababu ya nguruwe pori."

"Nguruwe?"

"Walikuwa wanafukua makaburi."

Longinus alicheka bila furaha. "Miaka minne ya chuo kikuu, na msomi wetu ametuletea nguruwe."

"Na wewe mwalimu, umetuletea nini?"

Wigbert alilisoma daftari mara mbili. "Wewe Otmari, unaamini mtoto huyu yuko kwa Mungu?"

"Hilo silijui, mzee. Hili la wigo nalijua."

Watu walinung'unika. Hata hivyo Wigbert hakuwa tena na sheria ya kushikilia, akashikilia jambo jingine: maiti haibatizwi. Akamwita Serapia.

"Maji tunajua ulimimina. Alikuwa hai?"

Serapia alitazama mikono yake. Egno alikaa hatua mbili kutoka kwake. Pale mlangoni alikuwa amesikia kila kitu, isipokuwa mtoto.

"Alikuwa hai," Serapia akasema.

Ikabaki sala. Wigbert alisema aliyebatizwa hazikwi bila sala, na sala zingemsubiri padri, wiki tatu. Maiti ilikuwa na siku ya pili ndani ya nyumba. Longinus akasimama, akachukua jembe lililoegemea ukuta.

"Mimi sikuhitaji daftari, wala sikuhitaji shahidi. Huyu mtoto najua aliko. Twende."

Alichimba mwenyewe, akasoma sala zote, hakuruka mstari. Jioni ile Gaudensia alikunywa uji.

Padri aliporudi alimvua Longinus ukatekista kwa kuongoza mazishi bila ruhusa yake. Misheni ilimfungia Otmari kabati la vitabu vya zamani, na tasnifu yake ikafia njiani. Serapia hakuna aliyemuuliza kitu, lakini tangu Jumapili iliyofuata mazishi hakwenda tena kupokea komunyo.

Julai 1971 Gaudensia alijifungua mtoto wa kike, na damu haikukatika. Neno lake la mwisho lilikuwa hili: "Huyu mpeni aliyemwingiza kaka yake ndani ya wigo." Egno mwenyewe alikuwa anakohoa damu, daktari hakumpa miezi mitatu.

Wakaja wote watatu siku moja.

"Kwangu atajua anakokwenda," Longinus alisema.

"Kwangu ataruhusiwa kuuliza," alisema Otmari.

"Mimi sina la kumfundisha," alisema Serapia. "Nina mbuzi wawili wa maziwa."

Otmari akamgeukia nduguye. "Kaka, wewe ulikuwa mlangoni. Yule mtoto alilia?"

"Usimjibu," Longinus akasema. "Hata asingelia, ningechimba."

"Mjomba, bila daftari langu ungechimba nje, kwenye mteremko."

"Na daftari lako lingemwombea?"

Egno alimtazama mtoto aliyempakata. Akijibu ndiyo, atakuwa amedanganya. Akijibu hapana, wapo watakaotaka yule wa kwanza afukuliwe, na jina la mkunga liburutwe kigango kizima. Alikohoa, akajifuta mdomo. Kisha akainuka na mtoto mikononi, akaanza kutembea kuelekea kwa mmoja wao.

Mmoja alileta alichokijua. Mmoja alileta alichokiamini. Mmoja alileta asichokiona. Angekosekana yeyote kati yao, mtoto angebaki nje. Je, wewe ungeamua vipi? Ungemkabidhi nani?

Egno alifariki mwezi wa tisa mwaka ule ule. Wigbert alifariki 1980, Longinus 1994, Otmari 2003. Serapia yu hai, amepita miaka tisini, na hasikii vizuri. Yule mtoto wa kike naye yu hai. Aliyemlea anajulikana katika ukoo huu, lakini hatajwi mpaka kila aliyeisikia hadithi awe amekwisha kujibu.