Chozi Waliofukuzwa kwa Bati

Naituma hii nikiwa hoi, sina nguvu ya maneno mengi. Someni, kisha mtumieni yule mnayeona inamhusu.

Huko milimani Upare alikuwapo mama mmoja, Naelijwa, mtunza bustani ya bwana Mrindoko. Wageni walipanda mlima wote ule na kulipa kiingilio ili kumwona ndege wa aina moja tu, chozi. Ni mdogo, mwenye mdomo mwembamba uliopinda, na dume lake ni kijani kinachong'aa jua likipiga. Hushinda kwenye maua ya mishubiri akifyonza maji yake matamu, na makinda huwaletea buibui na vidudu.

Mume wa Naelijwa alikuwa kitandani mwaka wa pili, na kibarua hicho ndicho kilichowalisha. Mama wa watu alikuwa amechoka, jamani, amechoka mpaka kwenye mifupa.

Mwaka huo, makinda walipokwisha kuruka, wale wa kijani hawakuonekana tena. Kwenye maua wakabaki ndege wa rangi ya vumbi.

"Hivi vichakavu vimenifukuzia chozi wangu!" Mrindoko akafoka. "Mama, chukua bati uligonge mpaka vihame."

"Lakini bosi, hawa ni..."

"Nimekuajiri kufanya kazi au kuongea?"

Naelijwa akalichukua bati. Nguvu za kubishana angezitoa wapi? Kila asubuhi akagonga bati huku roho inamuuma, hadi bustani ikawa kimya.

Miezi ikapita, mishubiri ikachanua kweli kweli. Wageni wakaja na darubini zao, wakasubiri, wakapiga miayo, wakaondoka wakinung'unika. Wiki ya tatu hakuja mtu.

"Wako wapi wa kijani?" Mrindoko akauliza.

"Ndio wale tuliowafukuza, bosi. Dume la chozi hawa akimaliza kulea hunyonyoka manyoya, akabaki na rangi ya vumbi. Msimu ukirudi, ukijani nao unarudi."

"Mungu wangu! Mbona hukuniambia?"

"Nilianza, ukanikatiza. Nikanyamaza, nikihofia kibarua changu kuota nyasi. Sasa kimeota, bosi, na bustani yako imekufa nacho."

Mrindoko akaketi chini palepale.

Funzo: Mwenzako akififia, usiwe mwepesi wa kumfukuza, huenda ndiye huyo huyo unayemsubiri. Na wewe unayejua ukweli, useme hadi mwisho, hata kama umechoka.