Walinzi Wasiopiga Hodi

Hapo zamani, milango ilipokuwa ya matete na kila mgeni akijulikana kwa sauti yake, palikuwa na mji ulioitwa Usongelo. Ulizungushiwa ukuta wa magogo, na ukuta ulikuwa na lango moja. Siku moja ya kiangazi mtu wa humohumo ndani alilifungua lango lile, akawaingiza maadui. Waliosalia walizika mpaka mipini ya majembe ikavunjika.

Mtemi wa siku hizo akasema, "Ukuta unatazama nje. Nani atatazama ndani?" Ndipo akaunda Walinzi wa Ndani. Akawapa ruhusa ambayo hakuna mtu aliyewahi kupewa mjini pale: kuingia nyumba yoyote bila kupiga hodi.

Wakaingia. Waliingia watu wakila, waliingia watu wamelala, waliingia mama akijifungua. Miaka ikapita, mtemi yule akafa, mwanawe Kapembe akatawala, na lango halikufunguliwa tena kwa maadui. Lakini wanawake nao waliacha kuimba wakitwanga, na watoto walijifunza kunyamaza upepo ukitikisa mlango.

Basi, alikuwapo mrina asali aitwaye Seni, na mkewe Kalunde. Seni alikuwa mtu wa mzaha. Siku moja kwenye pombe akasema, "Mimi na mwenge wangu wa moshi, nikitaka, nauhamisha mji huu wote kama nyuki!" Watu wakacheka. Kesho yake Walinzi wakaingia kwake, wakamchukua akiwa na tonge mkononi. Aliyemshika alikuwa mlinzi Mpuli. Aliyemhoji alikuwa mkuu wao, Mihambo. Seni alirudishwa amefungwa kwenye mkeka, na hakuna hata mmoja wao aliyemwambia Kalunde pole.

Kalunde akazika. Matanga yakaisha. Akachukua kamba na mwenge wa mumewe, akawa anapanda miti mwenyewe kurina.

Mchana mmoja alikuwa juu ya mninga, karibu na mzinga, hajawasha mwenge. Kutazama chini, akaona nyasi za mbuga zinapumua. Akakaza macho. Walikuwa watu, wamelala kifudifudi, wamejifunika nyasi, mbuga nzima hadi macho yanapoishia. Na chini ya mti ule amesimama Lukelesha, ndugu yake Mtemi, ananyoosha fimbo kuelekea langoni.

"Mkiona moshi kwangu, njooni," Lukelesha aliwaambia. "Komeo nitakuwa nimelikata."

Nyuki wakatoka. Wakamuuma Kalunde mikono, wakamuuma midomo, wakamuuma kope. Kalunde hakutoa sauti. Fikirini, jamani: hakutoa sauti! Alikumbatia tawi mpaka Lukelesha akaondoka, akashuka upande wa pili, akatambaa kwenye korongo hadi mjini.

Amwambie nani? Mtemi angeaminije habari za ndugu yake kutoka kwa mjane wa mtu aliyeitwa msaliti? Majirani wangepiga mayowe, na mayowe yangemshtua Lukelesha. Akapita nyumba moja, akapita ya pili, akazipita zote, akafika kwa watu waliomuulia mume. Akasimama mlangoni.

"Hodi," akasema.

Mpuli akatoka, akaona uso uliovimba hata macho hayaonekani.

"Nani wewe, mama?"

"Kalunde. Mke wa Seni. Lukelesha anaufungua mji."

Mpuli akamwita mkuu wake. Mihambo hakuuliza swali la pili. Aliwachukua watu wake, wakaingia kwa ndugu wa Mtemi kama walivyozoea kuingia, wakamkuta anapuliza moto wa majani mabichi. Wakaukanyaga moto, wakamfunga kamba. Uzi mmoja wa moshi ulikuwa umekwisha kupanda.

Na mbuga ikasimama. Waliokuwa ukutani walisema hawakuona jeshi likija. Waliona nchi yenyewe inainuka na kutembea.

Mpuli alikimbilia langoni, akakuta komeo limekatwa. Akageuka, akaegemeza mgongo kwenye mbao, akachimbia visigino ardhini. Mbao ziligongwa, mgongo ukalia, Mpuli hakutoka. Aligongwa tena, hakutoka. Alizuia mpaka watu walipofika na magogo ya kukingia. Jioni adui akajiondokea, na mji mzima ukakaa chini pale ulipokuwa, kila mtu akimtazama mwenzake kana kwamba ndiyo kwanza anamwona binadamu.

Mtemi Kapembe akaita baraza. Mkononi alikuwa na pembe ambayo Walinzi huipuliza kuitana.

"Pembe hii ikipasuliwa, hakuna Walinzi tena," akasema. "Nitampa mwenye haki kuliko wenzake, afanye atakalo. Kalunde, mama, anza wewe."

"Mtemi, miaka yote hawa waliingia majumbani mwetu," Kalunde akasema, "na kwa Lukelesha hawakuingia hata mara moja. Aliyeona ni mimi, nikifanya kazi ya mtu waliyemuua. Mji uliokolewa na mtu aliyeona akasema, na wao kazi yao imekuwa kutufanya tusiseme. Nipe niipasue."

Mihambo akainama mbele yake. "Damu ya mumeo iko kwangu, mama, siikani. Lakini ulizipita nyumba zote ukaja kwangu. Kwa nini? Ulijua ni nani ataingia kwa ndugu wa Mtemi bila kuogopa. Tungepiga hodi pale, leo tungekuwa majivu. Akitokea Lukelesha mwingine, atakayemwona ampelekee nani habari? Mtemi, naomba niitunze."

Mpuli aliletwa amelazwa kitandani, maana hakusimama tena maisha yake yote. "Mikono hii ilimtoa Seni na tonge lake," akasema. "Mgongo huu ukazuia lango. Na siku zote mbili, Mtemi, niliamini nimetenda vyema. Ndiyo maana naogopa. Nipe mimi. Mlinzi akitaka kuingia kwa mtu, aje kwanza anieleze macho kwa macho."

"Na ukikosea?" Mihambo akauliza.

"Nitakosea. Lakini nitakuwa nimeulizwa."

"Siku ya Seni hakuna mwema aliyeuliza," Kalunde akasema, "na wewe ulikuwapo."

Mtemi akainyoosha pembe, akairudisha kifuani, akainyoosha tena.

Dada zangu niliwasimulia kisa hiki, wakagawana pande mbili za jiko na hawakusemeshana mpaka ugali ukaiva. Haya, zamu yenu. Mjane aliyeona, mkuu aliyeingia, mlinzi aliyezuia: je, nani alistahili kupewa pembe ile? Na ingekuwa mikononi mwako wewe, ungeipasua?