Vidonge vya Mama Fundi

Leo nawaletea mama mmoja, fundi cherehani. Jina sisemi, maana mkitoka hapa mtaanza kumtafuta.

Mama huyu alikuwa na binti anaolewa Jumamosi. Baba wa binti alishatangulia mbele za haki, kwa hiyo mama ndiye wa kumshika mkono na kumwingiza kanisani. Gauni la harusi alilishona mwenyewe, wiki tatu ameinama juu ya cherehani. Siku anamaliza kufunga kifungo cha mwisho, akajaribu kunyanyuka, mgongo ukagoma. Jumatatu akapelekwa zahanati, amejikunja, anatembea akihesabu matofali ya sakafu.

Daktari akamuuliza mengi. Una presha? Kuna dawa nyingine unatumia? Pombe je? Halafu akamwandikia vidonge kumi vya kulegeza misuli, kimoja asubuhi, kimoja jioni, kuanzia jioni ile hadi asubuhi ya harusi.

"Mama, dawa hii inaleta usingizi," akamwambia. "Ukiimeza usikae kwenye cherehani, usishike kitu chochote chenye mashine. Usichanganye na pombe. Na usimpe mtu. Unaona hapa kwenye bahasha? Nimeandika jina lako."

Mama akaitikia kila neno, na kwa kweli alitii. Cherehani akaifunika. Akameza, akalala. Kufikia Jumatano anajinyoosha, anafagia uwanja, anaimba. Moyoni alikuwa na furaha tele, akijiona tayari yuko mlangoni mwa kanisa na mwanawe.

Jioni ile akaja shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, ambaye kazi yake ni mashine ya kusaga unga. Shingo imekaza, akitaka kukutazama anageuka mwili mzima.

"Shemeji, wewe umeponaje upesi hivi?" akauliza.

"Kuna dawa hapa, ngoja nikugawie," akasema mama. Akamhesabia vinne, akavifunga kwenye karatasi ya daftari. "Ni nzuri kweli, utaniambia."

Ndugu zangu, kuna ubaya hapo? Si ndivyo tunavyoishi? Chumvi tunagawana, mboga tunagawana, kwa nini nafuu tusigawane?

Shemeji akameza viwili jioni hiyo na viwili alfajiri, maana kimoja alikiona kidogo kwa mwanamume wa kimo chake. Saa tatu asubuhi akawasha mashine. Wateja wamepanga ndoo zao, mashine inanguruma, na yeye macho yanafumba. Akayumba. Mkanda wa mashine ukadaka mkono wa shati lake, ukaanza kuvuta. Mama mmoja aliyekuwa kwenye foleni akaruka, akazima. Shati lilichanika lote hadi mgongoni. Mkono, Mungu mkubwa, ulibaki.

Habari zikamfikia mama fundi mchana huohuo. Na Ijumaa asubuhi, kwa kuwa vidonge vyake vilikwisha siku moja kabla, mgongo ukagoma tena. Kesho harusi, na hawezi kusimama wima. Akarudi kwa daktari, analia, akasema yote.

"Nilimwonea huruma, daktari."

"Huruma ulimpa, mama. Maelezo ukabaki nayo," akasema daktari. "Na wewe ulibaki na maelezo, dawa hukuwa nayo. Mimi nilikuuliza maswali kabla ya kukuandikia. Shemeji yako alimuuliza nani?"

Daktari akamhesabia vitatu, vya kumfikisha asubuhi ya harusi. Jina akaliandika tena, safari hii kwa herufi kubwa. "Na huyo shemeji, mwambie aje mwenyewe na shingo yake."

Jumamosi mama akaingia kanisani na mwanawe, taratibu, wima. Shemeji alikaa benchi la mbele ndani ya shati la kuazima, mikono yote miwili inapiga makofi.

Naona mnacheka. Chekeni, hadithi imeisha vizuri. Na dawa za hospitali msigawane, hilo nawaambia kama lilivyo.

Lakini niulize jambo moja. Nilipomtaja shemeji anayemeza viwili viwili, nimeona kiwiko kule katikati. Mama mmoja kamgusa mwenzake. Kuna mzee huku kushoto kageuka kabisa kumtazama jirani. Na wengine hamkugeuka, ila mmesema kimoyomoyo, "Neno hili lingemfaa mkwe wangu, bahati mbaya leo hayupo." Si kweli?

Ndivyo tulivyo sisi. Kila Jumapili Bwana anatuandikia dawa. Yeye anajua presha yetu, anajua tunachokificha, ametuuliza yote. Neno la kusamehe limekuja na jina lako juu ya bahasha. Wewe unalibeba hadi nyumbani na kumgawia mumeo. Neno la ulimi umempa jirani. Neno la kiburi umelituma kwa simu hadi kwa dada yako kule mkoani. Umegawa lote, na Jumatatu unaamka mgongo umekaza kama jana, unashangaa mbona ibada haikusaidii.

Leo msimpelekee mtu. Tusimame tuombe, na kila mmoja, kabla hajafika pale mlangoni, ameze chake.